Korosho Mwishoni mwa Mstari: Siku Nane, Tanga hadi Nairobi na Kurudi

Nimerudi nyumbani wiki mbili sasa. Haya nimeyaokota kwenye daftari dogo na picha mia mbili na kitu za simu, na pale ambapo wino ulilowa nimejaza kwa kumbukumbu.

Safari hii ilikuwa ya mjomba wangu. Alifariki mwezi wa tatu, akaacha sanduku la bati lenye brashi kumi na moja, kipande cha kioo alichochanganyia rangi, picha saba za magari, na kiberiti kilichojaa njiti zilizovunjwa vichwa. Mjomba hakuvuta sigara maisha yake yote, kwa hiyo kile kiberiti hakuna aliyekielewa. Mtaani Ngamiani alikuwa Fundi Rangi tu. Kazi yake ilikuwa kupiga mistari. Unaukumbuka ule mstari mwembamba uliokuwa ukikimbia ubavuni mwa basi au lori, chini ya madirisha, mwekundu juu ya krimu au wa dhahabu juu ya kijani? Zamani haukubandikwa. Alisimama mtu na brashi, akabana pumzi, akaupiga kwa mkono kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma.

Alianza Tanga, akavuka kwenda Mombasa, akafika Nairobi, akarudi kwao mwaka 2004 na hakugusa gari tena. Mistari yake yote iliishia kwa korosho, lile umbo la kwenye kanga, na ndani yake nukta moja. Jina lake hakuliandika popote. Korosho ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Nilitaka kujua kama kuna hata moja iliyobaki. Majina ya watu niliokutana nao sijayaweka humu, maana wengi walinifungulia mambo ya nyumbani kwao. Wanaowajua watawatambua.

Siku ya 1, Jumamosi 9 Agosti: Tanga

Nililala kwa mkaza mjomba, na asubuhi tulikaa kibarazani na sanduku katikati yetu. Ndiye aliyenieleza mwanzo wa mambo. Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli za Raleigh zilikuja na mistari ya dhahabu kwenye fremu na madigadi. Ikipakwa rangi upya, mistari inapotea, na mwenyewe anaona baiskeli yake imekuwa kama ya kuazima. Mjomba akiwa kijana wa miaka kumi na tano alijifunza kuirudisha. Kutoka kwenye madigadi ya baiskeli akahamia kwenye milango ya malori ya mkonge.

Mkaza mjomba alinishikisha brashi moja. Mpini ni mfupi kama kidole gumba, lakini nywele ni ndefu kuliko mpini, laini, zimekatwa kimshazari. Nilidhani ni mbovu. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Nywele ndefu zinabeba rangi nyingi, basi mkono hausimami njiani kwenda kuchovya. Ukisimama njiani, pale uliposimama patakusema."

Rangi yenyewe ilikuwa ile ya kung'aa ya kopo dogo, watu wakiiita rangi ya baiskeli. Ndiyo hiyo hiyo Edward Saidi Tingatinga aliyochorea wanyama wake kwenye hadibodi kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, naye kabla ya Dar alikuwa amepitia mashamba ya mkonge ya huku kwetu. Hilo huwa linanikaa moyoni. Kopo ni lile lile. Rangi iliyochora chui imefika kwenye kuta za Ulaya, na iliyopiga mistari ya malori imesuguliwa kwa msasa mpaka bati.

Mchana nilipita gereji za Ngamiani, zile barabara zenye namba. Kijana mmoja alikuwa anabandika "Subira yavuta heri" kwenye kioo cha bajaji, herufi za stika. Fundi mwingine alikuwa anapaka mkanda wa rangi wa njia kwenye daladala, kwa rola. Niliwaonyesha picha zangu saba. Waliitazama korosho wakacheka kwa furaha, wakasema inafanana na kanga ya mama fulani, lakini gari hawakulijua.

Siku ya 2, Jumapili 10 Agosti: Horohoro, Lunga Lunga, Likoni

Hiace ya Horohoro iliondoka saa moja asubuhi, TSh 5,000. Barabara ni lami tupu, kilomita 65, na ukikaa upande wa kulia unapishana na minazi njia nzima. Mkaza mjomba alinifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Jirani yangu, mama aliyekuwa anampeleka mjukuu Ukunda, alinipa machungwa mawili, nami nikamkatia mkate. Tukafika mpakani tukiwa ndugu.

*Kwa watakaopita:* ofisi za Tanzania na Kenya ziko jengo moja, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kutembea juani. Niliombwa kadi ya homa ya manjano, kwa hiyo ibebe. Fedha badilisha kidogo tu mpakani. Mimi nilitoa TSh 200,000 nikapata KSh 10,000 kamili, na nilihesabu mbele ya aliyenibadilishia mara mbili.

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni nililipa KSh 400. Hapa ndipo mstari wa kwanza uliponipokea: ule wa njano, unaozunguka kila matatu kama mshipi. Wakenya wameuzoea hata hawauoni. Mimi niliutazama njia nzima, maana mjomba alirudi Tanga mwaka uleule mstari huo ulipoanza.

Feri ya Likoni kwa waenda kwa miguu ni bure. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Mzee mmoja mwenye kanzu aliliona sanduku langu linanivuta bega, akalichukua bila kuniuliza na kulibeba kichwani mpaka ng'ambo. Nilipotaka kumpa chochote alisema, "Mwanangu, mimi nilikuwa navuka tu." Jioni Mwembe Tayari ilikuwa imechemka, kwani Kenya ilikuwa imeifunga Morocco 1–0 kule Kasarani, na muuza viazi karai aliniongezea viwili vya bure kwa ajili ya ushindi ambao hata haukuwa wangu.

Chumba KSh 1,200, feni inafanya kazi, maji ya ndoo.

Siku ya 3, Jumatatu 11 Agosti: Mombasa

Picha ya tatu inaonyesha matatu ya Peugeot mbele ya Mapembe, yale meno ya ndovu ya bati kwenye barabara ya Moi. Nilisimama palepale aliposimama mpiga picha. Miti imekuwa mikubwa. Muuza kahawa akaitazama picha kwa muda, akanimiminia kikombe na kashata, kisha akanielekeza Majengo kwa mwandika mabango.

Huyo bwana ana karakana ya upana wa mlango mmoja. Bado anaandika kwa brashi: majina ya maduka, namba za mikokoteni, "Hakuna Maegesho". Nilipomwonyesha korosho aliweka chini alichokuwa nacho.

"Huyu Mtanga," akasema.

Sikutegemea. Nikamwambia ni mjomba wangu, na kwamba hatunaye tena. Akamwombea marehemu dua kwanza, ndipo tukazungumza. Walifanya kazi pamoja miaka mitatu kwenye uwanja mmoja wa mafundi bodi. Kugawana kazi kulikuwa hivi: wa kunyoosha bodi, wa puti na msasa, wa kupulizia rangi kwa kompresa, na wa mwisho kabisa mpiga mistari, ambaye hulipwa kidogo kuliko wote na ndiye mwenye gari anayemsubiri kwa hamu kuliko wote. "Gari bila mstari lilikuwa kama mtu aliyevaa suruali bila mshipi," alisema. "Limevaa, lakini bado."

Alinieleza pia kwa nini nisitarajie kupata kitu Mombasa. Chumvi ya bahari haianzi na rangi, inaanza na bati chini ya rangi. Bati likishakuwa kutu, mstari hubaki umeshikilia hewa kwa muda, kisha unadondoka kama ganda la kidonda. Ameona milango ambayo mstari ndio kitu cha mwisho kilichosimama. "Enda Nairobi," akasema. "Kule kukavu." Akaandika kwenye kipande cha kadibodi, kwa mwandiko wa bango, mtaa wa mzee mmoja Kariobangi aliyekaa na mjomba chumba kimoja.

Sikulala vizuri usiku ule.

*Kwa watakaopita:* mahamri na mbaazi za asubuhi Majengo ni KSh 60 na zinakufikisha mchana. Na ukitaka kupiga picha gari la mtu, muulize dereva kwanza. Sijakataliwa hata mara moja, lakini aliyepigwa bila kuulizwa hukasirika, na haki yake.

Siku ya 4, Jumanne 12 Agosti: barabara ya Nairobi, hadi Makindu

Treni ya Madaraka Express ni KSh 1,500 daraja la kawaida na inafika kwa saa tano au sita. Niliiacha makusudi. Mjomba alipita barabarani, nyuma ya lori, na nilitaka kuona malori.

Kwenye kituo cha basi kulitokea shida. Nilikuwa nimebeba makopo mawili ya rangi ya mjomba na chupa ya tapentaini. Kondakta akainusa chupa, akakataa. Nilimbembeleza, nikamweleza habari ya marehemu, akanisikiliza mpaka mwisho, akakataa tena kwa upole. Alikuwa sahihi: ni kitu cha kulipuka ndani ya gari la watu hamsini. Chupa na kopo moja lililovuja nikaviacha kwa muuza maji pale nje. Kopo jekundu, ambalo lilikuwa limefungwa kwa nta, aliniruhusu nikae nalo miguuni. *Msibebe tapentaini wala thina kwenye basi. Zinapatikana kila duka la rangi.*

Mariakani foleni ya malori kwenye mizani ni ndefu kuliko macho. Niliyahesabu yenye mstari wa mkono: manne. Matatu yalikuwa na trela za zamani. Mengine yote stika na vipande vya kuakisi mwanga. Voi tulikula, Mtito Andei tukanyoosha miguu, na baada ya Kibwezi basi likaanza kutoa moshi. Saa kumi na moja jioni tukashushwa Makindu, tukaambiwa gari jingine litakuja "baadaye". Saa mbili usiku hilo baadaye lilikuwa halijafika.

Akina mama wawili wa Machakos wakanishika mkono: "Twende kwa Kalasinga." Hekalu la Masingasinga la Makindu lipo tangu 1926, enzi za gari moshi, na mpaka leo linalisha msafiri yeyote bila kuuliza dini wala nauli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaa. Dengu, chapati za moto, mboga, chai ya maziwa tele. Tukapewa na vyumba. Hakuna bei. Kuna sanduku la sadaka, nami nilitia nilichoweza.

Asubuhi, mzee wa Kihindi mwenye kilemba cha kijivu aliniona nikifuta kioo cha mjomba kwa upindo wa kanga. Kumbe baba yake alikuwa seremala wa bodi za malori, zile za mbao. Kwa Kiswahili chepesi cha mtu aliyezaliwa nacho, akanieleza kwamba bodi za mbao zilipigwa mistari kufuata maungio ya ubao, ili macho yasione maungio. Mistari ilikuwa na kazi! Ilificha kasoro ya seremala. Chuma kilipochukua nafasi ya mbao hapakuwa na la kuficha tena, lakini wenye malori waliendelea kuitaka, kwa kuwa macho yalikuwa yameshazoea kuona gari likiwa na mipaka. Nilikuwa nimetazama picha za mjomba miaka yote bila kulijua hilo.

Siku ya 5, Jumatano 13 Agosti: Nairobi

Makindu hadi Nairobi kwa matatu, KSh 600. Nililala njia nzima mpaka Athi River.

Nikashukia mjini, nikaacha mzigo, nikaenda barabara ya Kirinyaga, ambayo mafundi bado wanaiita Grogan. Vipuri vimening'inia kama matunda. Kutoka hapo nikaenda steji ya Railways kutazama nganya za Rongai, zile matatu zilizopambwa picha ubavu mzima. Nilikuwa nimejiandaa kuzichukia, nasema kweli. Nilikuja nikiwa upande wa brashi. Lakini basi lilipogeuka mbele yangu na ubavu mzima ni uso wa mchezaji mpira, jasho la paji la uso limechorwa tone kwa tone kwa bunduki ya rangi, nilisimama katikati ya njia mpaka makanga, yaani kondakta, akanivuta: "Mathe, utagongwa!"

Makanga huyo huyo alinipeleka kwenye karakana ya vijana, eneo la viwanda. Mmoja anachora kwenye kompyuta, mashine inakata stika. Mwingine anapuliza sura za watu bila kupima, anatazama tu simu. Gari huja limevaa hivi, baada ya mwaka mwenyewe anataka sura mpya, wanavua wanavisha. Walichonifurahisha kuliko picha zenyewe ni kwamba wanasaini. Kila gari, pembeni ya mlango wa nyuma, lina jina la aliyelichora. Mjomba hakuwahi kuthubutu.

Yule wa bunduki alivaa kofia ya mtumba imeandikwa Von Dutch. Nikamwuliza kama anajua ni nini. Kampuni ya kofia, akasema. Nikamwambia Von Dutch alikuwa mtu, jina lake Kenneth Howard, mpiga mistari wa magari kule California, aliyefariki 1992, na kofia zikaja baada yake. Akaivua. Akaigeuza mkononi, akaitazama kama kitu kipya, kisha akaniomba nimwonyeshe zile picha saba tena, safari hii moja moja.

Siku ya 6, Alhamisi 14 Agosti: Kariobangi

Mvua ya manyunyu, baridi ya Agosti ambayo mtu wa pwani haiamini. Nikanunua sweta la mtumba Gikomba, KSh 250. Chapati madondo KSh 100, nikashiba.

Mzee nilimkuta amekaa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akacheka kidogo. "Hiyo salamu nilikuwa naisikia kwa Mtanga tu," akasema, "nilipokuwa nimelewa usingizi asubuhi, ananiamkia kunitania kwa sababu nilimzidi miaka miwili." Nilipomwambia kilichonileta hakusema kitu kwa dakika nzima. Kisha akamwita mjukuu alete chai.

Alinisimulia ya miaka ya themanini, matatu zilipokuwa na jina moja tu mbele na mstari ubavuni, kazi ya brashi tupu. Ya miaka ya tisini, wanamuziki na wacheza mpira walipoanza kuingia ubavuni kwa bunduki ya rangi, na mjomba akakataa bunduki, akabaki na mistari ya kuzungushia picha za wenzake. Halafu akafika Februari 2004.

Wakenya wanazikumbuka sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, sare za dereva na kondakta, na mstari wa njano. Watu wengi wanazisifu, na mimi sina la kupinga, kwani barabara zilikuwa zinaua. Lakini sijawahi kumsikia mtu akieleza mstari ule ulipakwa na nani. Mzee akanieleza. Ulipakwa na wao. Magari hayakuruhusiwa barabarani bila mstari, wenye magari walikuwa wamepanga foleni, na watu wenye mkono wa kunyoosha mstari walikuwa haohao. "Tulifanya kazi siku nne na usiku wake. Hatukuwahi kupata pesa kama zile. Gari linakuja, unaona kazi yako ya mwaka jana, unapiga msasa kidogo, unapaka njano juu. Mtanga alifika kwenye moja, mistari miwili na korosho, ilimchukua Jumapili nzima ile. Akaipaka. Akalipwa. Jioni akaosha brashi zake zote, akazipanga kwenye sanduku, akaniambia ndugu yangu, mimi naenda kwetu."

Sikuwa na la kuuliza. Mzee naye alitazama chai yake.

Halafu akasimama akanipeleka uani. Banda la kuku. Mlango wa banda ni mlango wa matatu, ule wa kuteleza, umelazwa ubavu na kufungwa kwa waya. Rangi imepauka, mstari wa njano bado upo, mpana kama kiganja. "Weka kidole," akasema. "Funga macho."

Nikaweka. Chini ya ile njano kulikuwa na kitu kimeinuka, chembamba kuliko uzi wa kushonea. Nikakifuata. Kilikimbia sawasawa, bila kutikisika, kama urefu wa mkono wangu, na pembeni yake wa pili, umbali uleule mwanzo mpaka mwisho. Msasa wa haraka haukuwa umewahi kuufikia. Karibu na ukingo ile mistari ikajipinda, ikapanda, ikarudi ndani. Na katikati ya mpindo, kipele kimoja kidogo.

Nilikaa pale na kuku wakinizunguka miguuni. Mzee aliniacha. Tuliongea kuhusu kuubandua mstari wa njano kwa msasa wa maji, akasema anaweza akijaribu taratibu. Nikafikiri, nikamwomba asiubandue. Picha niliyopiga haionyeshi chochote, ni njano tu. Nimeihifadhi.

Kabla sijaondoka alifungua sanduku. Akachukua kiberiti, akakitikisa, akasema, "Njiti za nukta hizi." Mjomba alikuwa akivunja kichwa, anachovya upande wa pili, anagusa mara moja tu. Brashi haitoi nukta ya duara. Njiti inatoa.

Brashi moja akabaki nayo. Nywele zilikuwa zimekauka. Akailaza kwenye kikopo cha mafuta ya taa.

Siku ya 7, Ijumaa 15 Agosti: Kariobangi tena, kisha basi la usiku

Asubuhi nilipitia duka la rangi, tapentaini nusu lita. Nilipofika, brashi ilikuwa laini.

Mzee aliweka mfuniko wa sanduku mezani. Akaufuta kwa kitambaa chenye petroli, akaufuta tena kwa kikavu, akapitisha ubavu wa mkono kusikia kama kuna mafuta. Kopo jekundu la mjomba lilikuwa na ngozi juu. Akaikata kwa kisu, na chini rangi ilikuwa nzima. Matone machache kwenye kipande cha kioo, tapentaini kidogo, akaipitisha brashi mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nywele zikalala bapa kama jani la ukoka. Kidole cha mwisho akakiegemeza kwenye ukingo wa bati, kiwe reli. Akavuta pumzi.

Hakuitazama brashi. Nililiona hilo vizuri kwa kuwa nilikuwa mbele yake. Alitazama kule mstari unakokwenda. Bega ndilo lililosogea, vidole vilikaa tu. Mstari ulitoka nyuma ya brashi ukiwa umelowa na kung'aa, ukafika mwisho wa mfuniko, akazungusha korosho kwa mipinduko miwili, akainua mkono, akatoa pumzi. Kisha akavunja njiti, akanipa.

"Nukta weka wewe."

Niliweka. Imekaa kushoto kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Rangi ya namna ile katika baridi ile inataka siku nzima na zaidi kukauka, nami basi langu lilikuwa saa tatu usiku. Nilimwachia brashi tano na kile kioo. Alikataa, nikamwambia mkaza mjomba ndiye aliyeagiza, akapokea kwa mikono miwili.

Siku ya 8, Jumamosi 16 Agosti: kurudi

KSh 1,500 hadi Mombasa. Sanduku nilikaa nalo magotini saa tisa, mfuniko ukiwa juu na hakuna kilichougusa, na abiria wa pembeni, kijana mwanafunzi, aliegemea dirishani usiku kucha ili kiwiko chake kisije kikateleza. Feri, Ukunda, Lunga Lunga. Joto la pwani na unyevu wake, rangi ikawa bado inanata.

Mpakani afisa wa forodha akataka kuona ndani.

"Nini humu?"

"Brashi, afande. Rangi ya juu haijakauka."

Akainama kuutazama ule mstari kutoka mwanzo hadi kwenye korosho. Akachomoa kalamu mfukoni, akainua mfuniko kwa ncha yake, akachungulia, akaushusha taratibu. Kisha akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Hilo usiliguse."